Bi Swichi na Msumeno Usiougua

Shemeji yangu hasemi uongo. Nalitanguliza hilo kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia imejaa uongo wake, na sitaki mtu amfikirie vibaya. Huyu ni mwanamke ambaye akikupima suruali na tumbo limezidi, atakuambia limezidi, tena mbele ya watu. Lakini mwaka huu, tangu mzambarau wa uani ulipoanguka, alisema uongo asubuhi na jioni, na uongo wote ulikuwa juu ya msumeno.

Ni mke wa kaka yangu. Mtaani hakuna anayemwita jina lake. Wanamwita Bi Swichi, na jina hilo alipewa na mume wake mwenyewe kwa utani, likatoka uani, likafika dukani na sokoni, hadi leo wateja wanaoleta nguo za kushona wanauliza kwa Bi Swichi ni wapi. Mimi namwita Shemeji. Nikiudhika namwita hivyo hivyo, ila kwa sauti nyingine. Tunaishi ua mmoja: wao wana nyumba ya mbele na chumba cha nyuma, mimi nina chumba cha pembeni na kibanda changu cha kunyolea kinachotazama barabara. Kinyozi haiweki kazi mikononi tu, anaiweka na mdomoni, kwa hiyo hakuna jambo la ua ule lililokuwa likinipita. Au ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

Kaka alikuwa seremala. Milango mingi ya mtaa huu imepita mikononi mwake, na mpaka leo akipita mahali akasikia mlango unalia, anasimama. Shemeji ni mshonaji, cherehani yake iko dirishani, na kwa miaka mingi nyumba ile ilikuwa na sauti mbili: huku randa, huku cherehani. Kisha mgongo wa Kaka ukaanza kumsumbua, karakana ikafungwa, ikabaki sauti moja. Jamani, zile zilikuwa siku mbaya. Mtu mrefu vile alikuwa anakaa kwenye kiti sebuleni akitazama ukuta, ukimsalimu anakujibu kama vile umemwamsha. Shemeji alikonda kwa kumtazama.

Ndipo Kaka alipotaka msumeno wa mnyororo, akate kuni za nyumbani na kutengeneza vigoda vya kukalia, basi. Wa petroli Shemeji aliukataa pale pale, kwa moshi na kelele. Wa umeme aliukubali kwa sharti moja tu: swichi ya ukutani iwe yake. Hakuna siku msumeno utaunguruma yeye akiwa hayuko. Kaka akacheka, akasema basi sawa, Bi Swichi. Hapo ndipo jina lilipozaliwa.

Sharti hilo alilishika kwelikweli. Siku ya msumeno ilianza kwa Shemeji kutoka nje kuangalia nyasi. Kukiwa na umande au manyunyu, hakuna kazi, maana umeme na unyevu hakutaka kuvikuta pamoja. Kisha aliuchukua ule waya mrefu, akaupitisha wote mkononi taratibu, akitafuta mahali palipochubuka, kama anavyokagua upindo wa gauni. Kaka huku alivaa buti, miwani ya kazi, glavu, vizibo vya masikio na shati la kubana. Shati la mikono mipana lilipigwa marufuku tangu siku ya kwanza, na aliyelipiga marufuku ndiye aliyelishona.

Halafu kila mmoja alikwenda mahali pake. Shemeji alisimama barazani penye swichi, mahali anapomwona Kaka mwili mzima. Kaka alisimama kwenye gogo, waya umepita nyuma ya bega lake usije ukaingia mbele ya meno. Mkono wa kulia nyuma penye kitufe, wa kushoto mbele, kidole gumba kimezunguka mpini. Huo wa kushoto ndio wenye kazi. Ule ubapa mrefu unaobeba mnyororo wao huuita ulimi, na ncha ya juu ya ulimi ikigusa mti wakati meno yanazunguka, msumeno huruka ukarudi kwa mwenyewe, usoni. Kuna breki mbele ya mpini, lakini breki bila mkono imara ni kujidanganya. Kaka akishakaa sawasawa aliinamisha kichwa mara moja. Hapo ndipo Shemeji aliwasha.

Nimewaona wamenuniana, hawasemezani hata neno, chumvi wanaombana kwa kupitia kwangu. Lakini kuni zikiisha, walikutana uani. Kaka aliinamisha kichwa, Shemeji aliwasha, kazi ilikwenda, kisha walirudi ndani kuendelea kununiana. Mimi nilikuwa nacheka mpaka wateja wananiuliza nina nini.

Na kazi ikiisha, msumeno ulikuwa wa Shemeji. Kaka alijua kukata, lakini matunzo hakuyaweza. Huyu ni mtu aliyekuwa akiacha patasi kwenye mvua. Shemeji aliuweka mezani kando ya cherehani, akachomoa waya kwanza, plagi akaitundika shingoni ili aione kwa macho yake kwamba haiko ukutani. Aliondoa unga wa mbao kwa mswaki wa zamani. Alinoa meno kwa tupa ya duara, kila jino kwa msukumo ule ule, upande mmoja kisha wa pili, akihema kwa kipimo. Aliuvuta mnyororo chini ya ulimi: ukiachiwa ukarudi mahali pake, vizuri, ukining'inia, anaukaza, ukigoma kuzunguka kwa mkono, amekaza mno, anaulegeza. Akajaza oili, akaufuta, akaurudisha kwenye sanduku lake chini ya cherehani. Alisema mashine ni mashine, ikishona au ikikata inataka mambo yale yale. Wenzake wa rika lake walikuwa wakija kushonewa wanamkuta na tupa mkononi, wanashangaa. Hakujali.

Msumeno ule ulimrudisha kaka yangu. Alianza tena kuamka mapema, akaanza kunitania, vigoda vikajaa ua mzima mpaka tukawa tunagawa. Kila mtoto mtaani ana kigoda cha Kaka.

Mwaka jana akaamka mdomo umekwenda upande. Tulimkimbiza hospitali, na namshukuru Mungu, kilikuwa kiharusi kidogo. Maneno yalirudi, mguu ukarudi ukiburuta kidogo tu, mdomo ukanyooka. Mkono wa kushoto nao, alisema umerudi. Alisema yeye, na sisi tukafurahi, tukaacha hapo.

Basi upepo ukaja, ule unaotangulia mvua, ukaung'oa mzambarau. Haukumgusa mtu, lakini ulilala mzima mzima mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, shina limeziba mlango na matawi yameziba njia. Na chumba kile kilikuwa na mwenyewe. Binti yao wa pekee alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza, na walikubaliana aje ajifungulie karibu na mama yake. Kitanda kilishapelekwa, mapazia yalishashonwa, na sasa hata kuingia kufagia haiwezekani.

Kila mtu aliona ni balaa isipokuwa Kaka. Yeye aliuzunguka ule mti akiupigapiga kwa kiganja cha kulia, uso unang'aa. Alisema kesho anaanza na matawi membamba, keshokutwa shina.

Kesho ilipofika, Shemeji alisema mnyororo umekuwa butu, akate na butu aumie? Asubiri aunoe. Sawa. Siku iliyofuata oili haikuwa inafika kwenye mnyororo, bila shaka tundu limeziba. Sawa, lizibuliwe. Akazibua, akasema sasa mnyororo unalegea kila ukikazwa. Kisha plagi ikawa na harufu ya kuungua. Kisha umeme wa mtaa ukawa mdogo, utaua mota. Kisha nyasi zikawa na umande, mpaka saa za jua kali. Na kila alilolisema lilikuwa ni sababu halali ya kutokata, ndiyo maana ukimsikiliza huna la kumjibu. Kaka alikuwa anavaa buti asubuhi na kuzivua mchana bila kunung'unika.

Aliyenung'unika ni mimi. Njia yangu ya bafuni ilipita pale pale, nikawa naruka matawi na taulo kiunoni, mtu mzima na mvi zangu. Mimi subira sina, tangu utotoni sina, na sioni itatokea wapi sasa. Nikasema tukamlete jamaa mmoja mwenye msumeno wa petroli amalize kwa siku moja. Kaka akaniuliza kwa upole msumeno upo, mwenye msumeno yupo, mgeni wa nini. Nikasema basi nitakata mimi. Hapo alicheka mpaka akashika ubavu. Akaniambia ndevu za watu zenyewe huwa zinanishinda.

Siku moja Shemeji alikwenda kutafuta nyuzi, Kaka amelala, uvumilivu ukaniisha. Nikaingia, nikauvuta msumeno kutoka chini ya cherehani ili niuone huo ugonjwa usiopona. Sikuuchomeka, si mwendawazimu. Nilivaa glavu na kuutazama tu. Meno yote yalikuwa makali, yanang'aa sawasawa. Nikauvuta mnyororo, ukarudi mahali pake. Oili imejaa. Plagi nikainusa, ikanuka sabuni. Msumeno ulikuwa mzima kuliko mimi. Kumbe mwanamke yule alikuwa anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa sote wawili.

Aliporudi nilimkuta ameshakaa kwenye cherehani, nikamvaa moja kwa moja. Nilisema mengi, na sauti yangu si ndogo. Nilimuuliza anataka mwanawe ajifungulie barabarani? Anataka mume wake aonekane mvivu? Msumeno una nini? Shemeji aliondoa mguu kwenye pedali. Alisubiri nimalize, na kumaliza kwangu huwa kunachukua muda.

"Wewe unamnyoa kila Jumamosi," aliniambia. "Ule mkono wake wa kushoto, ni lini umeuona ukishika kitu?"

Nilijaribu kukumbuka. Chai, anashika kwa kulia. Gazeti, analiweka mezani. Nikimnyoa, mkono wa kushoto unakaa gotini chini ya taulo na haunyanyuki hata nzi akitua puani. Na mimi ndiye mtu wa kusoma sura za watu kwenye kioo.

Akaniambia yote, kwa sauti ya chini, huku anakunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Mkono ulirudi nusu. Unanyanyuka, unazunguka, ukiutazama hauna kitu, lakini kushika haushiki. Alimwona akidondosha nyundo, kisha kikombe, kisha kifuniko cha sufuria, na kila mara anasema kimeteleza. Vifungo vilikuwa vinamtoa jasho asubuhi, basi Shemeji akayachukua mashati yake yote, akashona vile vifungo vya kubana kwa ndani, na vifungo vya zamani akavishonea juu vikae kama pambo tu. Mume wake akavaa, akabana, hakuuliza. Hilo la mashati lilinichoma. Nimeyaona mashati yale kila siku.

Nikamwambia basi amwambie tu ukweli, msumeno unaotaka mikono miwili hauwezi kushikwa na mmoja, ataelewa. Akatikisa kichwa. Alinikumbusha kile kiti cha sebuleni. Alinikumbusha ule ukuta. Alisema alimpoteza mara moja akiwa mzima, na aliyemrudishia ni ule msumeno.

"Nikiuacha akate, utamrukia usoni," alisema. "Nikimnyang'anya, atarudi kwenye kile kiti. Sasa nichague kipi, shemeji?"

Nilijitolea kumwambia Kaka mimi, mwanaume kwa mwanaume. Alinipa jicho, akaniapisha nisithubutu, kwa jina la mama yetu. Nikaapa. Jumamosi ile nilimnyoa Kaka kwa tabu. Ulimi uliniwasha, na taulo lile lililofunika ule mkono sikuweza kulitazama. Kaka akaniuliza mbona leo redio imezimwa, naumwa?

Tukaendelea hivyo, sasa wadanganyifu wawili. Mimi nami nikawa nainusa ile plagi mbele ya Kaka na kukunja uso, nikisema naam, inanuka.

Halafu binti akapiga simu. Daktari amemwambia asafiri mapema, asisubiri, kwa hiyo kesho yuko njiani. Shemeji aliipokea simu ile kwa vigelegele, na akaikata akiwa hana rangi.

Asubuhi nilikuwa kibandani na mteja, fundi bomba mmoja, nimempaka povu mashavu yote mawili na nimeshanyoa moja. Nikasikia sanduku la msumeno likikokotwa sakafuni. Najua sauti ile. Nikachungulia dirisha la nyuma, nikamwona Kaka uani, buti mguuni, miwani usoni, msumeno uko mezani bila umeme na yeye anaukagua kitu kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, anatangaza kwa sauti ili asikike mpaka jikoni. Meno makali. Mnyororo umekaa. Oili imejaa. Waya mzima. Nyasi kavu.

"Mama, leo hakuna mgonjwa hapa," alisema.

Nilimwacha fundi bomba na povu lake, nikatoka.

Shemeji alitoka jikoni akifuta mikono. Nilitegemea atabuni jambo, nikawa tayari kumuunga mkono, hata kama angesema msumeno una malaria. Badala yake alikwenda barazani, akasimama kwenye swichi yake kama siku zote. Kaka akauchomeka msumeno kwenye waya mrefu, akaupitisha waya nyuma ya bega, akatanua miguu. Mkono wa kulia nyuma. Wa kushoto aliuinua, akauweka kwenye mpini wa mbele, kisha akatumia kidole cha mkono wa kulia kukizungusha kile kidole gumba, akarudisha mkono wa kulia mahali pake. Alifanya haraka. Mtu asiyejua asingeona.

Akainamisha kichwa.

Msumeno haukuwaka. Akainamisha tena. Nilimtazama Shemeji, kidole kiko kwenye swichi, hakibonyezi. Nilitaka kupiga kelele na sikujua nipige za kusema nini.

"Washa, mama," Kaka alisema.

Shemeji aliondoa mkono kwenye swichi. Alichomoa plagi kabisa, akashuka uani nayo mkononi, waya unamfuata. Alipofika kwa Kaka alimwambia auweke chini. Kaka akauweka, akamuuliza ana nini leo. Shemeji akamvua glavu ya kushoto, taratibu, kama anavyovuliwa mtoto, kisha akampa vidole vyake viwili vile vyenye sugu za sindano.

"Nibane," alisema. "Kwa nguvu zako zote."

Kaka alinitazama, akatazama mlango wa kibanda ambako fundi bomba alikuwa amesimama na povu lake, akataka kulifanya mzaha. Shemeji hakucheka. Basi Kaka akavishika vile vidole. Niliona taya limekaza, niliona mishipa ya shingo imesimama, jasho likamtoka kwenye paji. Mkono wenyewe ulitulia tu juu ya vidole vya mke wake.

"Nimebana?" aliuliza.

Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kwa sababu hakujua. Na mimi kaka yangu yule nimemfahamu maisha yangu yote, ndiye aliyenifundisha kupiga msumari, sijawahi kusikia swali lililoniumiza kama lile. Niliona jibu jingine limemfika Shemeji mdomoni, lile la upole, maana kwa wiki zote zile alishalizoea. Lilikuwa neno moja tu, na Kaka angefurahi.

"Hujabana, mzee wangu," alisema.

Kaka alikaa juu ya shina la mzambarau. Alikaa muda mrefu, mkono wa kushoto ameulaza pajani anautazama kama mtu aliyeambiwa habari za mtu mwingine. Mimi nililia, sina haya kusema. Shemeji hakulia. Alikaa karibu naye, plagi bado iko mkononi.

Kisha Kaka akashika kifungo cha shati lake, kile cha pambo, akakivutavuta.

"Haya ya mashati niliyajua," alisema. "Nikasema mwache, roho yake inatulia akinishonea. La msumeno ndilo nililokuwa sitaki kulijua."

Shemeji alimwambia kwamba na yeye hakutaka. Nilimsubiri Kaka asimame, aingie ndani, akae kwenye kile kiti, na nilimwona Shemeji naye anasubiri hilo hilo, amebana midomo. Kaka akasimama kweli. Aliiokota glavu ya kushoto chini, akavua na ya kulia, akazikung'uta unga wa mbao, akampa mkewe zote mbili.

"Basi kata wewe."

Shemeji akasema yeye hajawahi kukata hata kijiti. Kaka akamjibu kwamba miaka yote hii ameushika msumeno ukiwa umezimwa, hakuna jino asilolijua, na kukata amekutazama mpaka basi. Kilichobaki ni kuunguruma tu. Na binti yuko njiani. Akaichukua plagi kwenye mkono wa mke wake, akaenda zake barazani. Hakugeuka nyuma kuuliza kama amekubali.

Ikawa ni kuvaa. Shemeji alikwenda kuchukua buti zake za shambani, akabadilisha gauni kwa suruali ya kazi, akajifunga kitambaa kichwani kikamkaza mpaka hata unywele mmoja haukutoka, akavaa miwani na vizibo vya masikio. Kaka alikagua waya wote, kwa mkono mmoja, akichukua muda kuliko ilivyo lazima. Kisha maagizo yakaanza kutoka barazani. Gumba lizunguke. Aanze na membamba. Asimame upande shina lisikoweza kumviringikia. Ncha ya juu isiguse kitu. Asikate juu ya mabega. Meno yasifike kwenye udongo. Shemeji akainua kizibo kimoja, akamwambia kwamba hayo yote yeye Shemeji ndiye aliyemfundisha Kaka, sasa anyamaze awashe.

Alitanua miguu. Akainamisha kichwa.

Kaka akawasha, msumeno ukaunguruma, tawi la kwanza likakatika likaanguka, Kaka akazima.

Shemeji aliinua miwani kumuuliza kuna nini. Kaka akasema ameona waya umesogea. Waya ulikuwa kule nyuma, haujasogea hata kidogo. Wakaanza tena. Akazima tena, safari hii Shemeji amehamisha mguu. Akazima alipokohoa. Akazima wakati mimi napita mbali kabisa nikivuta matawi. Akazima bila sababu yoyote, na alipoulizwa akasema basi tu. Nilianza kupandwa na hasira, nikamwambia kwa mwendo huu mtoto atazaliwa, aanze na shule, shina halijaisha. Hakuwa ananisikia, macho yake yote yalikuwa kwa mke wake.

Shemeji alikata polepole, bila papara, jinsi anavyoshona. Alipofika kwenye shina aliniamuru nipenyeze vipande vya mti chini yake lisije likaubana ulimi, nikapenyeza. Fundi bomba naye akaja kusaidia, shavu moja jeupe limekauka. Tukaviringisha magogo mpaka ukutani, na mchana mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka, tukaingiwa na ile harufu ya mapazia mapya. Shemeji akavuta breki, akaachia kitufe, akainua mkono. Swichi ilishazimwa kabla mkono haujafika juu.

Nilikwenda barazani kunywa maji nikamkuta Kaka bado ameshika ukuta. Shati lote limelowa mgongoni, mtu ambaye hakunyanyua kitu asubuhi nzima, na miguu inamtetemeka. Nilidhani ni ule ugonjwa, nikashtuka, nikamshika. Akanitoa mkono.

"Huyu mwanamke," aliniambia, "alikuwa anasimama hapa kila mara?"

"Kila mara," nikamwambia.

"Ananitazama hivi?"

Nikamwambia hivyo hivyo. Alichomoa plagi, akaiacha mezani, akashuka uani kwa mwendo wake ule wa kuburuta mguu kidogo, hadi pale Shemeji alipokuwa amekaa juu ya gogo anahema, anavua glavu, unga wa mbao umemjaa mpaka kwenye nyusi. Akasimama mbele yake.

"Kumbe kukata ndiko kazi rahisi," alimwambia.

"Miaka yote, mzee," Shemeji akasema, akasogea kumpisha akae.